Kadi ya Mkopo: Gharama Iko Kwenye Kiasi Unacholipa

Taarifa ya kadi ya mkopo ina namba nyingi, lakini mbili ndizo zinazoamua mambo. Ya kwanza ni deni lote la mwezi. Ya pili ni kiwango cha chini cha kulipa, ambacho mara nyingi huwa asilimia 5 au 10 ya deni hilo. Tuseme deni ni shilingi 100,000 na kiwango cha chini ni 5,000. Mwenye kadi akiiona namba ya pili anashusha pumzi: elfu tano anayo, anailipa siku hiyohiyo, na benki inamtumia ujumbe wa shukrani. Hakuna faini, hakuna simu ya kumdai, jina lake halijapelekwa popote. Machoni pa kila mtu yeye ni mlipaji mzuri. Kumbe ameingia kwenye mkopo ambao pengine ni ghali kuliko wowote ambao benki hiyohiyo ingempa kama angekwenda kuuomba dirishani.

Ndiyo maana mabishano kuhusu kadi hizi hayaishi. Mmoja atakwambia ameitumia miaka na miaka bila kulipa senti ya riba. Mwingine atakwambia ilimla mshahara mpaka akawa anakopa ili alipe mkopo. Wote wawili wanasema kweli, na huenda kadi zao zilitoka benki moja kwa masharti yaleyale. Kwa anayelipa deni lote kila mwezi, kadi ni njia ya kulipia vitu, tena yenye mkopo wa bure wa wiki kadhaa. Kwa anayelipa kidogo kidogo, ni mkopo wa riba kubwa usio na tarehe ya kuisha. Benki haikuulizi uko kundi gani. Unajipanga mwenyewe kila mwezi kwa kiasi unachorudisha, na mengine yote kuhusu kadi yanafuata hapo.

Kwanza tuziondoe kadi zisizohusika. Kadi iliyokuja na akaunti yako ya mshahara, ile ya kutolea fedha ATM, hukata fedha zako mwenyewe, na salio likiisha inakataa. Kadi ya M-Pesa ya kulipia vitu mtandaoni, ambayo Safaricom na Visa waliileta Kenya mwaka 2022, nayo hukata salio lililomo kwenye simu. Zote zinaweza kuwa na nembo ya Visa au Mastercard, na nembo hiyo ndiyo inayowachanganya watu. Visa na Mastercard hazikopeshi mtu yeyote. Ni mitandao inayopitisha ujumbe na hesabu kati ya benki na benki. Anayekopesha ni benki iliyokupa kadi. Unapochanja kadi ya mkopo dukani, benki ya mwenye duka huuliza benki yako kupitia mtandao huo kama ukomo wako unatosha, jibu hurudi ndani ya sekunde chache, na baadaye mwenye duka hulipwa akiwa amekatwa asilimia kadhaa. Makato hayo hugawanywa kati ya benki hizo mbili na mtandao. Kwa hiyo hata mteja asiyelipa riba kamwe anaiingizia benki yake kitu, ila faida nono inatoka kwa wale wanaobakiza deni.

Mkopo wa bure unategemea kalenda, na kalenda hiyo watu wachache huelezwa siku wanayosaini fomu. Chukua kadi ambayo benki hufunga hesabu yake tarehe 25 ya kila mwezi, na siku ya mwisho ya kulipa ni tarehe 15 ya mwezi unaofuata. Ukinunua kitu tarehe 26 Machi, kitaingia kwenye taarifa ya tarehe 25 Aprili na utakilipia kabla ya tarehe 15 Mei. Umepata siku 50 bila riba. Ukinunua kitu hichohicho tarehe 24 Machi, kitafungwa kesho yake na utatakiwa kulipa ifikapo tarehe 15 Aprili, siku 22 tu baadaye. Mwenye kadi anayejua tarehe hizi mbili anaweza kupanga ununuzi mkubwa uangukie mwanzo wa mzunguko, baada ya mshahara kuingia, na asitumie shilingi moja ya ziada.

Sharti la siku hizo za bure ni kulipa deni lote. Hapa pana kifungu kinachowaumiza watu ambao hata hawajijui kuwa wamekosea. Mama mmoja amenunua friji ya shilingi 80,000 ile tarehe 26 Machi. Siku ya mwisho ilipofika alilipa 70,000 akidhani kwamba riba itahesabiwa kwenye 10,000 zilizobaki. Kwa masharti ya kadi nyingi, sivyo. Akishindwa kumaliza, siku za bure zinafutwa kana kwamba hazikuwapo, na riba inahesabiwa kwenye 80,000 zote tangu siku friji ilipolipiwa. Kwa riba ya asilimia 3 kwa mwezi, siku 50 hizo zinamgharimu 4,000, na sababu yote ni 10,000 alizopungukiwa. Isitoshe, maadamu deni la nyuma lipo, unga na sukari atakavyonunua wiki ijayo vitaanza kuhesabiwa riba siku hiyohiyo. Kujirudisha kwenye mkopo wa bure kunataka amalize deni lote kwanza. Nimeona watu wenye elimu nzuri wakiikana taarifa yao kwa sababu ya kifungu hiki, wakidhani benki imewaibia, na benki ikafungua mkataba ikawaonyesha sahihi zao.

Turudi kwa aliyelipa 5,000. Tuseme riba ni asilimia 3 kwa mwezi, kiwango cha chini ni asilimia 5 ya deni pamoja na riba yake, na mwenye kadi ameiweka kabatini, hanunui tena chochote. Kwa mwaka mzima anatii masharti bila kuchelewa hata siku moja. Mwaka ukiisha atakuwa ametoa mfukoni shilingi 55,000 hivi. Kati ya hizo, 32,000 zimekwenda kwenye riba, na deni limeshuka kutoka 100,000 hadi 77,000. Ili deni lifike nusu tu, anahitaji miezi 32. Kila mwezi kiwango cha chini kinapungua kidogo kwa kuwa deni limepungua kidogo, na yeye anaona mzigo unakuwa mwepesi, wakati upungufu huohuo ndio unaorefusha safari. Angekopa 100,000 hizo kwenye SACCOS kwa riba ya asilimia 1 kwa mwezi, inayohesabiwa kwenye deni linalobaki, angelipa 8,885 kila mwezi na kumaliza yote ndani ya mwaka, na riba yote isingefika 6,700.

Asilimia 3 nayo inahitaji kutazamwa vizuri, kwa sababu mdomoni inasikika ndogo. Watu huizidisha mara 12 wakapata 36 kwa mwaka. Lakini riba isiyolipwa huingizwa kwenye deni na mwezi unaofuata nayo inazaa riba, hivyo kwa mwaka inafika karibu asilimia 43. Mtu akikutajia riba ya kadi, muulize ni ya mwezi au ya mwaka, na muulize ada ya mwaka ya kadi yenyewe ni kiasi gani. Ada hiyo utailipa hata kama kadi haikutoka kwenye bahasha.

Biashara hii ilianza vibaya, na namna ilivyoanza inaeleza mengi kuhusu ilivyo leo. Septemba 1958 benki ya Bank of America ilituma kadi zipatazo 60,000 kwa barua kwa wakazi wa mji wa Fresno, California. Hawakuwa wameziomba. Ziliitwa BankAmericard, na kilichozitofautisha na kadi zilizotangulia, kama Diners Club ya mwaka 1950, ni ruhusa ya kubakiza deni na kulilipa polepole kwa riba. Mkuu wa mradi, Joseph Williams, alitarajia asilimia 4 ya wateja wachelewe kulipa. Waliochelewa walifika asilimia 22, wizi wa kadi ukashamiri, na Williams akaondoka benki hata miaka miwili haijatimia. Mradi haukufutwa. Benki ilikaza masharti, ikasubiri, na ikagundua kwamba watu wanaochelewa lakini wanalipa ndio wateja wenye faida. Kadi hiyo ndiyo iliyobadilishwa jina mwaka 1976 ikawa Visa. Marekani ilipiga marufuku kumtumia mtu kadi asiyoiomba mwaka 1970.

Sisi hatukupelekewa kadi kwa barua. Somo la mikopo ya haraka tumelipata kwenye simu. M-Shwari ilianza Kenya Novemba 2012 kwa ada ya asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30. Fuliza ikafuata mwanzoni mwa 2019, nayo hutoza ada ya asilimia 1 ya kufungulia na ada nyingine ya kila siku. Tanzania tuna Songesha na nyinginezo za aina hiyo. Aliyezoea kulipa 7.5 kwa mwezi akisikia kadi inatoza 3, ataona amepata nafuu, na kwa asilimia peke yake hajakosea. Tofauti iko kwenye muda na ukubwa. Mkopo wa simu ni mdogo na una siku ya kuisha. Siku hiyo ikifika simu inakukumbusha utake usitake, na fedha ikiingia inakatwa. Kadi ina ukomo unaoweza kufika mshahara wa miezi miwili au mitatu, na haina siku ya mwisho ya kuumaliza mkopo. Mtu aliyejifunza kukopa kwa Fuliza anaingia kwenye kadi na tabia ya kukopa kila siku, ila sasa hakuna kinachomsimamisha.

Ni haki pia kusema kadi si mkopo wa “kausha damu”. Wanawake wa vikundi Tanzania wanaijua mikopo ile: riba inayopanda kwa wiki, wakopeshaji wanaobeba makochi na magodoro, watoto wakitazama. Kadi inatolewa na benki iliyo chini ya Benki Kuu, ina mkataba ulioandikwa, ina mahali pa kulalamikia, na muuzaji wa mtandaoni asipokuletea mzigo uliolipia unaweza kuiomba benki iyapinge malipo hayo na kurudishiwa fedha. Nauli ya ndege, hoteli, ada ya chuo cha nje, vipuri vinavyoagizwa kutoka mbali: kwa malipo ya namna hii kadi ya mkopo ni salama kuliko kutuma fedha zako moja kwa moja kwa mtu usiyemwona, kwa sababu mgogoro ukitokea fedha iliyo hatarini si ya akaunti yako ya mshahara.

Kwa Muislamu wa Pwani, Zanzibar au Oman kuna swali linalotangulia hesabu zote. Wapo wanaosema, “Mimi nalipa kabla ya tarehe, riba hainigusi.” Baraza la Fiqhi la Kiislamu la Kimataifa lilikutana Riyadh Septemba 2000 na kuamua kwamba kadi ya mkopo yenye sharti la riba haijuzu kutolewa wala kutumiwa, hata kama mwenyewe amenuia kulipa ndani ya muda wa bure, kwa kuwa sharti lenyewe limo ndani ya mkataba aliousaini. Baraza hilohilo liliruhusu kadi isiyo na sharti la riba, na likaruhusu benki kutoza ada ya kweli ya huduma. Hili ni jambo la dini na kila mtu atawarejea masheikh wake. Hata hivyo, anayetafuta kadi kwenye benki ya Kiislamu asiridhike na jina. Aombe mkataba, aulize akichelewa atatozwa nini, na fedha hiyo inakwenda wapi.

Kuna matumizi mawili ya kadi ambayo ningeshauri mtu ayakwepe kabisa. La kwanza ni kutoa fedha taslimu ATM kwa kadi ya mkopo. Fedha hizo hazina siku za bure. Unatozwa ada ya kutolea papo hapo, na riba inaanza siku hiyohiyo. Kuhamisha fedha kutoka kadi ya mkopo kwenda pochi ya simu kunaweza kuhesabiwa vilevile, kwa hiyo soma masharti kabla ya kubonyeza. La pili linawapata sana wafanyabiashara wetu wanaofuata mzigo Dubai. Uko Deira, muuzaji anakugeuzia mashine ya kadi, na kioo kinakuuliza ulipe kwa dirhamu au kwa shilingi ya kwenu. Shilingi inavutia kwa kuwa unaona bei kwa fedha unayoijua. Chagua dirhamu. Ukichagua shilingi, anayebadilisha fedha ni mtoa huduma wa mashine ile, kwa bei anayoipanga yeye, ambayo kwa kawaida ni mbaya kuliko ya mtandao wa kadi yako.

Kuhusu wizi, nitasema machache kwa kuwa mengi yanajulikana. Zile tarakimu tatu za nyuma ya kadi na namba ya uthibitisho inayokuja kwenye simu ndiyo ruhusa ya kukata deni kwa jina lako. Benki haimpigii mteja kumwomba namba hizo. Anayepiga na kuziomba ni mwizi, hata akijua jina lako kamili na tawi lako. Washa ujumbe wa kila muamala, na ukiona usioujua, ifunge kadi kwanza, maswali baadaye.

Ndugu zetu waliohamia Marekani wana sababu nyingine ya kuihitaji kadi, nao wanapotoshwa sana. Kule alama ya ukopaji, maarufu FICO, huanzia 300 hadi 850, na inaweza kuamua kama utapangishwa nyumba na utanunua gari kwa riba gani. Asilimia 35 ya alama hiyo hutokana na kulipa kwa wakati, na 30 hutokana na madeni uliyonayo, hasa kiasi unachotumia kikilinganishwa na ukomo wako. Mgeni asiye na historia anaweza kuanza na kadi ya dhamana: anaweka benki dola mia kadhaa, na ukomo wake unakuwa kiasi hicho. Kisha wenzake waliomtangulia wanamwambia abakize deni dogo kila mwezi ili alama ipande. Si kweli. Anayelipa taarifa yake yote kwa wakati anajengewa historia ileile, bila kulipa riba hata kidogo. Na riba ya kadi kule, ambayo kwa wastani imezidi asilimia 20 kwa mwaka tangu 2023, si fedha ya kuchezea kwa mtu anayetuma matumizi nyumbani kila mwezi.

Basi nani achukue kadi hii? Mwenye kipato kinachoingia tarehe inayojulikana, ambaye mwisho wa mwezi bado ana kitu, na anayeweza kuiagiza benki ikate deni lote kwenye akaunti yake kila siku ya malipo. Agizo hilo la kulipa deni lote ndilo kinga kubwa kuliko zote, na benki inaweza kukuwekea la kiwango cha chini usipotamka. Ukomo na uwe mdogo kuliko mshahara wa mwezi mmoja, hata benki ikikusihi kuupandisha. Anayeitaka kadi ili azibe pengo la kila mwezi asiichukue, kwa sababu pengo litabaki pale pale na juu yake kutaongezeka riba. Afisa mauzo anayeingia kwenye ofisi ya walimu na kusema, “Mwalimu, hela hii tayari ni yako, ni kusaini tu,” anasema jambo lisilo kweli. Hela ile ni ya benki mpaka siku utakapoirudisha.

Benki Kuu zetu nazo zina kazi hapa. Tangu sheria ya mwaka 2009, taarifa ya kadi Marekani lazima imwonyeshe mteja itamchukua muda gani kumaliza deni akilipa kiwango cha chini tu, na atakuwa amelipa jumla ya kiasi gani. Ni mistari miwili ya maandishi, na haimgharimu mtu. Kenya ilikwishathubutu zaidi ya hapo: sheria yake ya mabenki, tangu 2007, hairuhusu riba kwenye mkopo uliokwama kuzidi deni lililokuwepo siku ulipokwama. Benki Kuu ya Tanzania na Benki Kuu ya Kenya ziagize mistari hiyo miwili iandikwe kwenye kila taarifa ya kadi, na iandikwe kwa Kiswahili.

Na wewe ambaye deni limeshakulemea, iondoe kadi kwenye pochi leo, na uifute kwenye programu zote za simu zilizoihifadhi. Nenda SACCOS yako uulize mkopo wa kulifuta deni hilo kwa mkupuo. Kama huna SACCOS, iandikie benki yenyewe ukiomba deni la kadi ligeuzwe mkopo wa kawaida wenye riba ndogo na tarehe ya kuisha, na ubaki na nakala ya barua yenye mhuri wa mapokezi. Fanya hivyo mapema, ukiwa bado unalipa. Malipo yakichelewa siku 90, mkopo unahesabiwa kuwa chechefu, taarifa zako zinakwenda kwenye taasisi za taarifa za mikopo ambako kila benki itazisoma, na nafasi yako ya kujadiliana inakuwa ndogo sana.